Kichwa Bila Kiwiliwili

Ahadi ni deni, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwa wasomaji wa magazeti. Gazetini ahadi ni habari, na habari ikishachapishwa na kuuzwa hesabu yake imefungwa. Hakuna anayedai wala anayedaiwa. Kesho itatoka ahadi nyingine kwa wino mzito zaidi, na ile ya jana tutaikuta kwa mama anayeuza maandazi, imekatwa vipande vinne, inanyonya mafuta.

Mimi ni miongoni mwa watu wasioweza kutupa karatasi kabla ya kuisoma. Nikinunua karanga, nazila taratibu ili nipate kusoma zilichofungiwa. Nikila andazi, mtu asinisemeshe mpaka nimegeuza upande wa pili. Kwa tabia hiyo nimesoma habari nyingi zisizo na mwanzo na nyingi zaidi zisizo na mwisho, na nimejifunza jambo ambalo msomaji wa gazeti la leo hawezi kulijua. Gazeti la leo linasomwa na mtu mwenye matumaini. Gazeti la miaka kumi iliyopita linasomwa na hakimu.

Hukumu yangu ni hii, na naitoa mapema ili asiyeikubali aniache hapa hapa. Magazeti yetu ya Kiswahili, ya chama, ya serikali na ya watu binafsi, ya zamani na ya sasa, yamezoea kutuuzia maneno ya wakubwa kana kwamba ni matendo. Tena yakishatuuzia hayarudi kutuambia bidhaa ilifika au haikufika. Fundi cherehani akifanya hivyo tunamwita tapeli. Mhariri akifanya hivyo tunampa shilingi zetu kila asubuhi.

Tazama kwanza sarufi ya jambo lenyewe. Mwalimu wangu wa darasa la nne alitufundisha kwamba kitenzi cha Kiswahili kimebeba mtu na wakati: alijenga, wanajenga, tutajenga. Ukikisikia, umejua ni nani na ni lini. Mhariri amegundua njia ya kuvitupa vyote viwili. Anachukua kitenzi, anakivua nafsi, anakivua wakati, anakivalisha KU, halafu anakiweka ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa: BARABARA KUJENGWA. WALIMU KUJENGEWA NYUMBA. RUSHWA KUKOMESHWA. MGAWO WA UMEME KUWA HISTORIA. Kujengwa na nani? Kukomeshwa lini? KU haijui. KU ni kama yule mtu anayekuambia "nakuja" huku anaondoka.

Sitataja gazeti wala tarehe ya vichwa vya namna hiyo, maana havina mwenyewe. Ni kama nyimbo za harusini. Kila gazeti limewahi kuviimba.

Sasa tufikirie mwananchi mmoja anayesadiki kila anachosoma. Tumwite Bwana Amini, na asihusishwe kabisa na yule wa Uganda. Jumatatu Bwana Amini amesoma BARABARA KUJENGWA. Kwa kuwa barabara inajengwa, baiskeli ni ya nini? Ameiuza, na fedha ameziweka rubuni ya kununua basi dogo. Jumanne amesoma MGAWO WA UMEME KUWA HISTORIA. Amekusanya koroboi zake mbili na mishumaa, akavipeleka makumbusho, kwani vitu vya historia hukaa makumbusho. Jumatano gazeti limeandika WAZIRI ATEMA CHECHE; amekwenda kwenye mkutano wa hadhara na ndoo ya mchanga, akakaa safu ya mbele, tayari kusaidia zimamoto. Alhamisi BEI YA SUKARI YAPAA. Ametoka uani akatazama juu.

Ijumaa ndiyo ilikuwa kubwa: MKUU WA MKOA ATOA SIKU SABA. Bwana Amini ameziandika ukutani kwa mkaa, akifuta moja moja kila jua likizama. Siku ya nane ameamka alfajiri, amevaa kanzu safi, amekwenda kuona litakalotokea. Amekuta soko lile lile, takataka zile zile, na mbwa yule yule amelala juu yake. Mheshimiwa hayupo. Yuko wilaya ya pili, anatoa siku saba.

Mimi huwaza mara nyingi kuhusu hizo siku saba. Kwa nini hazijawahi kuwa sita, au tisa? Na hiyo siku ya nane, ambayo kwa hesabu ya kawaida lazima ifuate ya saba, huwa inakwenda wapi? Laiti siku saba zote zilizotolewa magazetini zingeunganishwa, wadaiwa wote wa nchi hii wangekuwa na muda wa kusoma shule upya tangu chekechea.

Kisha sikiliza vitenzi vya kusema. Mkubwa wa gazetini hasemi. Anaja juu, anang'aka, anacharuka, anawaka, anatema cheche, anafunguka. Ukivichambua vyote, maana yake ni moja: alisimama, akasema, akakaa. Lakini msemaji akiwa mkulima au mama lishe, moto wote unazimika; yeye "analalamika", au "anadai", au "analia". Waziri aliyelalamika sijapata kumsoma, wala mama lishe aliyetema cheche, ingawa kwa macho yangu nimewaona wengi wakifanya hivyo, na cheche zao zilikuwa za kweli.

Lililonichekesha zaidi ni hili. Nilisema KU haina nafsi. Lakini kuna kichwa kimoja ambacho nafsi yake haitolewi kamwe: WANANCHI WATAKIWA. Wananchi watakiwa kuwa wavumilivu. Wananchi watakiwa kuchangia madawati. Wananchi watakiwa kudumisha usafi. Hapo WA imekaa mahali pake, imara, haitikisiki. Anayeahidi amefichwa ndani ya KU, na anayetakiwa ameanikwa ndani ya WA. Hivyo katika ukurasa mzima wa mbele mwananchi peke yake ndiye aliyebaki na nafsi, na amebakishiwa ili apewe kazi.

Yawezekana msomaji anasema nimejitungia Bwana Amini ili nipate kumcheka. Basi tuache utani kidogo tufungue magazeti yenye miaka yake, kwa mambo ambayo kila mtu mzima wa Tanzania anayakumbuka au amesimuliwa.

Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba makao makuu ya nchi yangehamia Dodoma, na kazi hiyo ilipangiwa miaka kumi. Chukua Bwana Amini wa mwaka ule, kijana wa miaka 30. Amesoma, amesadiki, ameuza chumba chake Ilala, amepanda treni na mkewe, amefungua mgahawa Dodoma ili awauzie chai watumishi wa serikali watakaofika wakati wowote. Ameweka birika motoni. Mwaka 1983, ambao ndio ulikuwa mwisho wa ile miaka kumi, wizara nyingi bado zilikuwa zinatazama bahari. Mwaka 1996 Bunge lilianza kufanya vikao vyake huko, naye akapata wateja wa msimu. Mwaka 2016 ilitangazwa upya kwamba sasa serikali inahama kweli. Waziri Mkuu akahamia mwaka huo, Makamu wa Rais mwaka 2017, na Rais mwenyewe mwaka 2019. Bwana Amini alikuwa na miaka 76. Ahadi ilitimia, sikatai, tena nampongeza aliyeitimiza. Lakini ilichukua miaka 46, na chai ilikuwa imepoa.

Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa maji vijijini wa miaka 20. Shabaha yake ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mita 400! Mtu aliyesadiki angeipima kwa hatua na kupanda ua la waridi pale ambapo bomba lingesimama. Mwaka 1991 ulipofika, takriban nusu ya watu wa vijijini walikuwa bado wanateka maji walikoteka babu zao, na zile mita 400 zilikuwa kwa wengi kilomita nne. Sera mpya ya maji ilitolewa mwaka huo huo wa 1991, na nyingine mwaka 2002. Sera haijawahi kukauka, hata wakati wa kiangazi.

Halafu mwaka 1979, baada ya vita vya Kagera, taifa liliombwa lifunge mkanda kwa miezi 18. Kwa hili sikejeli. Vita ilikuwa imekula fedha, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Lakini hebu mfikirie fundi viatu aliyekuwa akiongeza matundu kwenye mikanda ya watu. Mtu mwenye kuhesabu vidole angesema mkanda ungelegezwa katikati ya mwaka 1981. Badala yake tukapanga foleni za sabuni, foleni za sukari, foleni za khanga, na foleni ambazo mtu hujiunga kwanza kisha ndipo anauliza kinachouzwa. Tukala ule unga wa njano wa msaada tulioubatiza jina la Yanga, na hata mashabiki wa Simba wakaula. Fundi viatu alitoboa mpaka ngozi ikaisha.

Nataka nieleweke vizuri. Sisemi kwamba waliopanga mambo hayo walikuwa waongo. Wengi wao waliyaamini kuliko sisi, na wengine walikufa maskini wakiyaamini. Mipango huvunjika, ukame huja, vita huja, bei ya kahawa huanguka. Ugomvi wangu ni na karatasi. Karatasi iliyotangaza mwanzo kwa herufi za urefu wa kidole ilikuwa na wajibu wa kutangaza mwisho kwa herufi zile zile. Mimi, msomaji wa vifungio, sijapata kuona ukurasa wa mbele ulioandika: MIEZI 18 YAISHA LEO, MKANDA BADO. Wala: MITA 400: TUMEPIMA, NI KILOMITA NNE. Habari kama hizo zikiandikwa, huzikwa ukurasa wa kumi na moja, kati ya tangazo la mnada na la hati iliyopotea.

Sasa sikilizeni utetezi wa wahariri, maana nimeusikia mara nyingi. Wa kwanza wanasema: "Sisi tunaripoti alichosema mheshimiwa." Vyema. Basi andikeni MHESHIMIWA ASEMA BARABARA ITAJENGWA. Neno ASEMA lina herufi tano. Gazeti lililopata nafasi ya ACHARUKA, yenye herufi nane, haliwezi kukosa nafasi ya ASEMA.

Wa pili wanasema: "Habari ya jana haiuziki." Hao nawauliza, mbona ya leo mnaiuza ikiwa ya kesho?

Wa tatu wanasema kwa sauti ya chini, na hao ndio ninaowasikiliza. Wanasema mwandishi hulipwa kidogo, hupelekwa kwenye shughuli kwa gari la mwenye shughuli, na hurudi na bahasha. Wanasema sheria ya magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti, na ile ya huduma za habari ya mwaka 2016 iliyochukua nafasi yake haikuwaondolea woga. Wanasema kuandika "ametema cheche" hakujamponza mtu, lakini kuuliza "zile cheche za mwaka jana ziliwasha nini?" kunaweza kumponza. Hayo nayakubali. Anayenitaka niwe shujaa kwa shingo ya mwingine simpendi, na mimi mwenyewe sitafanya hivyo. Ndiyo maana dawa nitakayoipendekeza haihitaji shujaa. Inahitaji rula na penseli.

Lakini kabla ya dawa, kuna jambo linalonizuia kucheka mpaka mwisho. Tusidhani kwamba vichwa vya habari havina matokeo ila kwa Bwana Amini wa kubuni. Mwaka 1983 ilianza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Vichwa vya habari vya wakati ule havikungoja miaka 46. Watu waliogopa, wenye haki na wasio na haki, wakatupa mali porini, mitoni na baharini, usiku, ili wasikutwe nayo. Na hiyo ilikuwa nchi iliyokuwa ikipanga foleni kwa kipande cha sabuni. Mwaka huo huo ikaja Nguvu Kazi, na aliyekutwa mjini bila kitambulisho cha kazi aliitwa mzururaji, akasombwa kupelekwa kulima. Kijana aliyesimama kwenye meza ya magazeti kusoma vichwa vya bure angeweza kukamatwa kwa kosa la kusimama.

Hapo ndipo utani unapokwisha. Kichwa kinachoahidi kina miguu ya kobe, na kinachotisha kina mabawa. Neno "maji" likiandikwa, maji hayaji. Neno "mzururaji" likiandikwa, karandinga linakuja. Mtu asiniambie, basi, kwamba haya ni maneno tu. Wahariri wanajua uzito wa maneno, kwa kuwa wameyaona yakifanya kazi. Ila wamekubali yafanye kazi upande mmoja.

Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. Hata magazeti makubwa ya duniani yamewahi kuteleza, na ni vizuri tuone yaliteleza namna gani. Tarehe 9 Oktoba 1903, The New York Times liliandika makala ya mhariri kuhusu mashine zisizoruka, likikisia kwamba ili binadamu atengeneze chombo cha kuruka angehitaji miaka kati ya milioni moja na milioni kumi. Zilipita siku 69. Tarehe 17 Desemba 1903 ndugu wawili mafundi wa baiskeli, Wilbur na Orville Wright, walirusha ndege yao North Carolina. Mfikirie Bwana Amini wa Marekani aliyekwisha kata tamaa ya kupanda ndege kwa miaka milioni.

Gazeti hilo hilo, tarehe 13 Januari 1920, lilimkejeli mwanasayansi Robert Goddard kwa kusema roketi ingeweza kwenda mahali pasipo na hewa. Likaandika kana kwamba hajui hata mambo yanayofundishwa sekondari. Kwa bahati roketi hazisomi magazeti. Tarehe 17 Julai 1969, Apollo 11 ikiwa njiani kwenda mwezini, gazeti lilichapisha masahihisho: imethibitika kwamba roketi hufanya kazi mahali pasipo hewa, nasi tunasikitika kwa kosa lile. Lilichelewa miaka 49, na Goddard alikuwa amefariki tangu mwaka 1945. Lakini lilirudi. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Wao walikosea kwa kusema lisilowezekana, sisi tunakosea kwa kusema kila kitu kinawezekana. Tofauti ni kwamba jalada lao lilifunguliwa tena.

Nina sababu yangu ya kulishikilia jambo hili, nayo ni shangazi yangu. Aliishi kijijini kwetu, katika nyumba ya udongo yenye kuta zilizobandikwa magazeti kwa uji wa muhogo, kama ilivyokuwa desturi ya wenye kupenda nyumba nadhifu. Mwaka 1975 kijiji kiliandikwa gazetini. Kichwa kilisema kwamba kijiji kilikuwa kupatiwa maji. KU ilikuwapo, kama kawaida. Shangazi hakujua kusoma sana, lakini alikibandika kipande hicho karibu na mlango, sawasawa na macho ya mgeni. Kila aliyeingia alionyeshwa. "Sisi tumeandikwa," alikuwa akisema, kwa fahari ya mtu aliyeposwa.

Alichota maji mtoni safari mbili kwa siku. Tangu kichwa kile kitoke hadi alipofariki mwaka 1994 ni miaka 19, yaani safari 13,870, na sijahesabu za sikukuu na misiba. Katika miaka hiyo mchwa walipanda ukutani wakala gazeti kuanzia kushoto. Walikula neno "kijiji", wakala "kupatiwa". Lilibaki neno "maji" peke yake, na chini yake picha ya mtu amevaa suti, ameelekeza kidole upande wa mlimani. Wapwa zangu walipokuwa wadogo walidhani ni picha ya mtu anayeonyesha njia ya kwenda mtoni.

Maji yalifika mwaka 2008. Nilikwenda kuyaonja. Yalikuwa matamu, na palikuwa na sherehe, na waandishi walikuja, na kesho yake iliandikwa kwamba kijiji kimepata maji. Hapakuwa na mstari mmoja uliosema kwamba kichwa hicho kilikuwa cha pili, na kwamba cha kwanza kilikuwa kimeliwa na mchwa. Mtu aliyesoma gazeti siku ile angedhani kijiji kiliomba wiki iliyopita kikapewa wiki hii. Miaka 33 ya wanawake wenye ndoo kichwani ilifutwa, kwa kuwa hakuna aliyeitunza hesabu yake ila mimi.

Basi dawa ni hii. Ndani ya kila gazeti la Kiswahili tayari upo ukurasa mmoja mwaminifu, nao uko nyuma: ukurasa wa michezo. Nao una lugha ya vitisho kupita wote. Huko Simba huua, Yanga huchinja, timu huzikwa, makocha huchinjiwa baharini. Bwana Amini akiusoma atakwenda na sanda. Nao unatumia KU: SIMBA KUIVAA YANGA JUMAMOSI. Lakini ona ajabu yake. KU hiyo ina siku, ina saa, ina uwanja. Na Jumapili ukurasa unarudi. Unakuambia nani alifunga, dakika ya ngapi, nani alipewa kadi. Mwaka 1968 Yanga iliifunga 5-0 timu ambayo baadaye iliitwa Simba, na mwaka 1977 Simba ikailipa Yanga 6-0. Mpaka leo hakuna mwandishi anayethubutu kulifuta bao hata moja. Mashabiki wangechoma ofisi. Na pembeni kabisa, ndani ya kisanduku kidogo, upo msimamo wa ligi: michezo, ushindi, sare, kufungwa, pointi. Timu iliyo mkiani iko mkiani, hata kama mwenyekiti wake ametema cheche wiki nzima.

Kwa nini tumekubali kwamba mpira uandikwe kwa ukweli kuliko maji? Nadhani ni kwa sababu shabiki hudai. Humwambia muuza magazeti mbele ya watu kwamba gazeti lake ni la uongo, na kesho hanunui. Msomaji wa ukurasa wa mbele hadai. Anasoma kichwa, anatikisa kichwa, anaondoka. Na siku hizi, ambapo kichwa kinasafiri peke yake katika simu bila habari yenyewe, hata kule kwa muuza maandazi hakifiki, kwa hiyo hata mimi sitakiokota.

Nawataka wahariri, nami nawatumia kitenzi chao wenyewe: WAHARIRI WATAKIWA kuchapa, ukurasa wa pili, kila Jumatatu, msimamo wa ahadi. Safu ziwe tano tu: aliyeahidi, alichoahidi, tarehe aliyoahidi, siku zilizopita, kilichofanyika. Pasiwe na matusi wala maoni wala picha ya kuchekesha. Iliyotimia iandikwe imetimia, na aliyeitimiza apewe pointi zake tatu, kwani wapo wanaotimiza, nao wanadhulumiwa kwa kuwekwa kundi moja na watema cheche. Isiyotimia iachwe wazi safu ya mwisho, na hesabu ya siku iendelee. Sheria gani itamfunga mtu kwa kutoa tarehe ya leo kwa tarehe ya jana? Nanyi wasomaji mkikosa kisanduku hicho Jumatatu, mwambieni muuza magazeti, mbele ya watu, kama mnavyomwambia wakikosea bao.

Mchezo wa mpira huchukua dakika 90, nao huandikiwa jedwali. Kijiji kilichongoja maji miaka 33 kinastahili walau mstari mmoja.